Namna ya Kupanga Safari Ndefu ya Pikipiki Ukiwa na Kazi na Familia

Safari yangu ya kwanza ya pikipiki kutoka Dar es Salaam hadi Tukuyu niliiandaa kwa wiki mbili, na wiki zote mbili niliziishia gereji. Nilibadilisha cheni na spoketi zake, nikanunua tairi jipya la nyuma na kufunga taa za ziada, lakini sikukubaliana na mke wangu nitampigia simu saa ngapi, wala sikumweleza msimamizi wangu kazini kwamba kurudi peke yake kunachukua siku mbili nzima. Pikipiki haikunisumbua hata mara moja. Kilichoharibika ni mengine yote: mke wangu alikaa tangu asubuhi hadi usiku bila kujua niliko, mimi nikaingia Makambako gizani nikitetemeka kwa baridi, na Jumatatu iliyofuata nikaketi kwenye meza ya ofisi nikiwa nimeshuka kwenye pikipiki saa tano za usiku uliotangulia. Tangu hapo ninaandaa safari kwa mpangilio mwingine, yaani nyumba kwanza, kazi ya pili na pikipiki ya mwisho, na mwongozo huu unafuata mpangilio huo huo.

Nyumbani

Tarehe za safari zichaguliwe na watu wawili. Kumjulisha mwenzako tarehe ulizokwisha kuzipanga si kukubaliana naye, hata kama atanyamaza. Sisi huketi na kalenda mwanzoni mwa mwaka, tukaondoa kwanza Januari kwa sababu ya ada, sare na madaftari, kisha tukaondoa wiki za mitihani ya watoto na siku ambazo mke wangu mwenyewe ana kazi nyingi, na ndipo tunaangalia kilichobaki. Mwaka aliozaliwa mtoto wetu wa tatu hakikubaki kitu, na mwaka huo sikusafiri. Anayependa pikipiki na mwenye watoto wadogo akubali mapema kwamba kuna miaka ya namna hiyo, maana safari iliyolazimishwa hulipiwa nyumbani kwa muda mrefu.

Fedha za safari zikae mahali pake, mbali na fedha za matumizi ya nyumbani. Kadirio lake si gumu. Kwenda Tukuyu na kurudi ni takriban kilomita 1,800, na pikipiki yangu ya cc 250 hutumia lita moja kwa kilomita 30, kwa hiyo ninahitaji lita 60, nami huongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya milima na mizunguko ya mjini. Hapo ongeza malazi ya usiku mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, chakula, na akiba ambayo wengi huisahau: nauli ya lori la kubeba pikipiki kuirudisha nyumbani endapo itaharibika mbali. Akiba hiyo isipokuwepo, mtu hujikuta akiendelea na safari kwa pikipiki mbovu kwa sababu tu hana namna ya kurudi.

Kisha kuna suala la simu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote katika sehemu hii. Msiahidiane kwamba utapiga simu «ukipata nafasi». Taja vituo kwa majina. Vyangu ni Chalinze, Morogoro, Mikumi mjini, Ruaha Mbuyuni na Iringa kwa siku ya kwanza, halafu Mafinga, Makambako na Uyole kwa siku ya pili, na kila kituo kina saa yake ya kukadiria. Tumekubaliana kwamba nikichelewa kwa saa mbili tangu saa iliyotajwa, bila kusubiri zaidi, yeye huwapigia watu wawili ambao namba zao zipo kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa jokofu. Karatasi hiyo ina pia namba ya usajili wa pikipiki, jina la nyumba ya wageni nitakayolala, kundi langu la damu na namba ya kadi yangu ya bima ya afya, na nakala yake iko mfukoni mwangu. Makubaliano haya yamempa mke wangu utulivu ambao maneno yangu ya kumtoa hofu hayakuwahi kumpa.

Inafaa pia kufikiria safari ambayo familia nzima imo. Tukuyu ni ukweni kwangu, kwa hiyo mke wangu na watoto hupanda basi nami hufika siku ya pili yake, tukakaa pamoja siku nne kabla sijaanza kurudi. Kwa mwisho wa wiki mfupi, treni ya reli ya kisasa (SGR) iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 imeturahisishia mambo, kwa sababu wao huteremka Morogoro nami nikawapokea huko baada ya mwendo wa kilomita 190 hivi. Mtoto simbebi kwenye safari ndefu, na mke wangu nambeba nyuma yangu hadi Bagamoyo tu. Si kwamba yeye ni mwoga. Abiria huchoka kabla ya dereva, na dereva hana namna ya kuuona uchovu wa mtu aliyeketi mgongoni kwake.

Kazini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia ndani ya likizo huhesabiwa humo humo. Mwajiri akikuruhusu kuigawa likizo hiyo vipande vipande, omba kipande cha safari mapema kwa maandishi, na ukipange kiishie au kianzie kando ya sikukuu kama Saba Saba au Nane Nane badala ya kuimeza sikukuu yenyewe. Andika makabidhiano ya kazi zako kabla hujaondoka, ili mwenzako asihitaji kukupigia ukiwa katikati ya pori.

Siku moja iwe ya akiba baada ya kurejea. Wenye pikipiki wengi hupanga kurudi jioni ya mwisho ya likizo, na mpango huo una hatari kubwa, kwa sababu dakika yoyote uliyoipoteza njiani utataka kuifidia kwa mwendo, tena katika saa za mwisho ambapo mwili umekwisha. Ukiwa na siku ya akiba, pancha ya tairi hubaki kuwa pancha tu.

Hesabu ya mchana

Hesabu safari kwa saa za mwanga, kilomita zifuate. Nchini kwetu jua hutoa takriban saa 12 za mwanga mwaka mzima, na usiku kwenye barabara kuu haufai kwa pikipiki: kuna malori yaliyoharibika na kuegeshwa bila taa, mifugo na matuta yasiyo na alama. Kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya mimi hukadiria kilomita 50 kwa saa, nikijumlisha kupumzika, kujaza mafuta, kusimamishwa na trafiki na mwendo wa pole vijijini, ambako kikomo ni kilomita 50 kwa saa na askari hupima. Kadirio hilo huonekana dogo kwa anayeanza. Baada ya safari tatu ataliona ni la kweli.

Kwa kadirio hilo Iringa, iliyo umbali wa kilomita 500 hivi, ni saa 10 za njia. Ninaondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kufika saa kumi jioni, nikiwa nimebakiwa na mwanga wa kutosha iwapo kuna tatizo. Hadi Chalinze foleni ya malori yanayokwenda Tunduma na kuvuka mpaka ni ndefu. Lori na basi linalokwenda kasi husukuma upepo unaoweza kukuhamisha kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine, kwa hiyo shika usukani kwa mikono iliyolegea kidogo, inama mbele, na usilipite lori mpaka uone kwamba mbele yake kuna nafasi ya kukupokea.

Hifadhi ya Mikumi hupitiwa na barabara hii kwa takriban kilomita 50, na kwa mpango wangu naingia humo kati ya saa tano na saa sita mchana. Nimeuchagua wakati huo kwa makusudi, kwa kuwa wanyama wengi husogea barabarani alfajiri na jioni, na mchana wa jua kali hujificha kivulini. Fuata vibao vya mwendo bila kujadiliana navyo. Ukimwona swala mmoja amevuka, punguza mwendo, kwa sababu wenzake wapo nyuma yake. Ukiwaona tembo karibu na lami, simama mbali huku injini ikiunguruma, acha gari kubwa litangulie, kisha upite nyuma yake. Kushuka ili kupiga picha ni kosa ambalo mtu wa pikipiki hana bati la kumlinda nalo.

Baada ya Mikumi mjini barabara huingia bonde la Ruaha lenye mibuyu, na hapo joto la saa saba na saa nane huleta usingizi. Usingizi huu haupigwi vita kwa kuongeza mwendo wala kwa kinywaji cha kusisimua. Simama Ruaha Mbuyuni, penye wauza vitunguu, kunywa maji, lala dakika 20 kwenye kivuli kofia ikiwa pembeni, ndipo uendelee. Mbele yako kuna mlima Kitonga, na hapaingiwi na macho mazito. Malori hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mengine huharibikia kwenye kona. Madereva hukinga magurudumu kwa mawe makubwa na mara nyingi huyaacha papo hapo wakiondoka. Dizeli na oili humwagika kwenye njia ya magurudumu. Panda kwa gia ndogo nyuma ya lori hata ikibidi kuvumilia moshi wake, usipite kwenye kona. Wakati wa kurudi, shuka kwa gia hiyo hiyo ndogo injini ikikuzuia, gusa breki zote mbili kwa vipindi, na kamwe usishuke ukiwa umetoa gia, kwa maana breki iliyopata moto huishiwa nguvu pale unapoihitaji zaidi.

Siku ya pili ni fupi, yapata kilomita 390 hadi Tukuyu ukikata kushoto pale Uyole, lakini ina baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi za Mafinga na Makambako hugandisha vidole kiasi cha kushindwa kubana klachi, na ndiyo maana huondoka Iringa saa mbili, jua likiwa limepanda. Ungedhani ni afadhali kukwepa miezi hiyo, ila miezi mikavu ya nyanda za juu kusini ni hiyo pamoja na Septemba na Oktoba, na kati ya baridi na mvua mimi huchagua baridi kila mara, kwa sababu baridi huzuiwa kwa nguo. Glovu mbili, karatasi ya gazeti kifuani chini ya jaketi na shingo iliyofunikwa vinatosha. Koti la mvua lisiachwe hata hivyo, kwa kuwa Tukuyu mvua hunyesha wakati wowote.

Pikipiki na mzigo

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu fundi wako anaijua pikipiki yako kuliko mimi. Badilisha oili wiki moja kabla ya safari na uiendeshe mjini, ili kama kuna boliti iliyoachwa bila kukazwa uigundue karibu na gereji. Pima upepo wa tairi zikiwa za baridi. Ulegevu wa cheni upimwe mzigo na dereva wakiwa juu, na cheni ipakwe mafuta kila jioni. Beba tyubu moja, viraka, pampu, plagi, waya wa klachi na spana unazozijua kuzitumia. Mwenye injini ya kabureta ataona nguvu zikipungua kuanzia Iringa, mji ulio juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi na mafuta yanazidi. Huo si ubovu, na asikubali kufunguliwa kabureta njiani kwa sababu hiyo. Jaza mafuta tangi linapofika nusu, kwenye sheli yenye magari mengi.

Kofia ngumu, jaketi lenye kinga za viwiko, glovu na buti huvaliwa hata kwenye joto la Ruaha. Mzigo mzito ukae chini na katikati, usizidi upana wa usukani.

Siku ya akiba nyumbani mimi huosha pikipiki pamoja na watoto, kwa kuwa mikono midogo hufika kwenye spoku nisizozifikia na mara mbili wao ndio waliogundua spoku iliyolegea. Kisha naandika kwenye daftari lita zilizotumika, gharama za kulala, mahali nilipochelewa kupiga simu na sababu yake, pamoja na kila kitu nilichokibeba kwenda na kurudi bila kukigusa. Vitu hivyo navitoa kwenye mkoba siku hiyo hiyo, isipokuwa tyubu, viraka na karatasi yenye kundi langu la damu.