Kuondoa Madoa ya Maji kwenye Rangi ya Gari Bila Kuikwaruza

Maji yakikauka juu ya boneti, kinachotoweka ni maji peke yake. Chumvi na madini yaliyokuwemo husalia pale pale na kufanya kiduara cheupe ambacho hakitoki kwa kupanguswa. Hapa Nakuru tatizo hili linaanzia chini ya ardhi. Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa hupita katika miamba ya volkano na huibuka yakiwa yamebeba floridi, bikaboneti na silika, ndiyo maana gari lililooshwa kwa maji ya kisima saa sita mchana, kisha likaachwa juani likauke lenyewe, huonekana chafu kuliko lilivyokuwa kabla ya kuoshwa.

Kabla ya kununua dawa yoyote, chunguza doa limefika wapi. Egesha gari kivulini, lisubiri lipoe, limwagie maji mengi ili vumbi lishuke, kisha lioshe kwa shampuu ya magari na ulikaushe. Usiruke hatua hii, kwa kuwa vumbi letu lina chembe ngumu za jivu la volkano, na kila chembe inayobaki chini ya kitambaa huchora mkwaruzo. Sasa pitisha ncha za vidole. Doa linalopapasika kama kipele kidogo bado liko juu ya rangi. Likiwa na ukingo mwembamba wenye kishimo katikati, limeshakula vanishi, yaani tabaka la juu lisilo na rangi ambalo hulinda rangi yenyewe. Katika magari mengi tabaka hilo lina unene wa takriban mikroni 40 hadi 50, jembamba kuliko unywele, na haliongezeki tena. Kwa hiyo anza na njia iliyo laini kuliko zote.

Njia hiyo ni siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kipimo sawa. Lowesha kitambaa laini cha maikrofaiba, kilaze juu ya doa kwa dakika moja au mbili, pangusa taratibu bila kukandamiza, kisha suuza papo hapo kwa maji na shampuu. Shughulikia sehemu ndogo ndogo, wala usiiache siki ikauke juu ya rangi. Asidi yake huyeyusha chokaa na bikaboneti, lakini silika haiyeyuki kwa siki. Ukiona umerudia mara mbili na doa halijabadilika, usiongeze siki wala muda. Inaniuma kuona mtu akifikia hatua hii na kuchukua dawa ya meno, au waya wa kusugulia sufuria, kwa sababu doa hutoka kweli, na vanishi nayo hutoka.

Badala yake tafuta udongo maalumu wa kusafishia rangi ya gari, unaopatikana katika maduka ya vifaa vya magari. Ukande hadi ulainike, mwagia sehemu husika maji ya shampuu ili iteleze, kisha uusogeze mbele na nyuma kwa uzito wa vidole tu. Ukishika uchafu, ukunje upate upande safi. Ukianguka chini, utupe, hata kama ni mpya.

Doa lililokula vanishi huhitaji polishi laini, ambayo hupunguza tabaka lote hadi kishimo kisionekane. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana sana, na ikiwa doa bado linaonekana baada ya kupitisha polishi mara moja, mpe kazi fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi.

Siki na polishi huondoa nta iliyokuwa ikiikinga rangi, hivyo paka nyingine siku hiyo hiyo. Tangu hapo, kausha gari kwa kitambaa mara tu baada ya kuliosha, ukianza na paa na boneti ambako jua hupiga kwanza. Kama una tangi la maji ya mvua, tumia maji hayo kwa suuzo la mwisho, maana yana madini machache mno kuliko ya kisima. Yale ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaache yapite, kwa kuwa huwa yanaosha vumbi la mabati.