Mwanafunzi wa uuguzi akikumbwa na tukio zito wodini

Mama amefariki leba, au majeruhi wa ajali ya barabara ya Morogoro wameingia kwa mkupuo, na aliyeshika dripu ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wewe unayemsimamia, usingoje machozi. Tazama mikono: anavaa glavu, anavua, anavaa tena, anapima presha ileile mara tatu na haandiki kitu. Huyo mtoe, bila kumtangaza: "Mwanangu, njoo unisaidie stoo."

Aketi, anywe maji au chai. Muulize kama ameumia, anahitaji nini sasa hivi na nani ajulishwe. Basi. Usimtake asimulie tukio. Kulazimishwa kusimulia siku ileile hakuzuii kiwewe, na wengine huwazidishia. Akianza mwenyewe, sikiliza. "Jikaze, ndiyo kazi yenyewe" humfundisha kuficha tu.

Kama amechomwa na sindano, hilo linatangulia yote: aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue, kisha umpeleke wewe mwenyewe akaanze dawa kinga ya VVU. Saa za mwanzo ndizo bora, mwisho ni saa 72, na dozi ni siku 28.

Asirudi hosteli peke yake. Mpigie jioni hiyo, siku ya tatu, kisha kila wiki hadi mwezi uishe. Kukosa usingizi, ndoto mbaya na kushtuka ovyo kwa kawaida hupungua taratibu. Dayazepamu ya kumlaza usimpe, haizuii kiwewe.

Wengi hunyamaza kwa kuogopa saa za mafunzo zitapungua, wakwame kufanya mtihani. Kwa hiyo kubalianeni na chuo mapema jinsi ya kufidia zamu, naye aambiwe. Akirudi, apangwe na muuguzi mzoefu, nusu zamu, kazi anazozimudu: joto, presha, kutandika vitanda. Leba usimwondoe moja kwa moja, maana hofu hukua kwa kukwepwa, aingie kidogokidogo.

Dalili zikipita mwezi, au akitaja kujidhuru hata siku ya kwanza, apelekwe kwa wataalamu wa afya ya akili. Akitaja kujidhuru, asiachwe peke yake hata dakika. Dodoma tunayo Mirembe, hospitali ya afya ya akili, ila mtaani jina hilo ni utani mbaya, na mwanafunzi anajua. Mwambie wazi kwamba anakwenda kuonwa, na kuonwa siyo lazima kulazwa. Avue sare kwanza, mwende pamoja.