Kupanda Kili (Kilimanjaro) theluji ya vuli ikishaanza: jinsi ya kujipanga

Wakuu, kila ikifika Novemba naanza kupigiwa simu na watu wa Dar na Dodoma wanaotaka tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru, iwakute kileleni, na swali ni lile lile, baridi ikoje huko. Mi nawaambia baridi tutaiongea, kwanza uliza theluji imeshuka mpaka wapi. Maana 9 Desemba inaangukia ndani ya vuli kabisa, na mvua inayokulowesha geti la Marangu, ukishapita mita 4,500 hivi mara nyingi inadondoka ikiwa nyeupe. Msimu huu huu ndio Luteni Alexander Nyirenda alipeleka bendera na mwenge pale juu mwaka 1961, kwahiyo inapandika. Ila haipandiki kama Agosti.

Nitaongelea njia ya Marangu kwasababu ndio naijua kwa miguu, nimeanza kama mgumu, yaani mbeba mizigo, nikiwa na kiroba kichwani, baadae nikawa gaidi msaidizi, yaani msaidizi wa muongoza wapandaji.

Theluji ya mwanzo wa vuli ina tabia yake. Inadondokea kwenye changarawe na vumbi lililokauka tangu Juni, kwahiyo haijashikana na chochote, imefunika tu. Unaona weupe umelala vizuri kumbe chini yake kuna jiwe linacheza, au kuna kigae cha barafu kwasababu mchana jua liliyeyusha kidogo, maji yakatiririka kwenye jiwe, usiku yakaganda. Theluji ambayo imekaa wiki kadhaa inakuwa imeshindiliwa na buti za watu, njia inaonekana. Hii ya mwanzo unaikuta haijakanyagwa, na gaidi wa mbele anabidi atafute njia na fimbo.

Ukiwa Moshi au Marangu fanya hivi: amka saa kumi na mbili asubuhi kabla mawingu hayajapanda, angalia Kibo, kile kilele kikubwa, weupe umeishia wapi. Ukiwa kofia tu juu kule, utakutana nayo masaa ya mwisho. Ukiona umeshuka mpaka chini kwenye uwanda wa kati ya Mawenzi na Kibo, jua usiku wa kilele utaanza kukanyaga theluji mlangoni Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Alafu angalia tena kesho yake na keshokutwa, kwasababu theluji ya chini inaweza kuisha kwa jua la asubuhi moja tu. Utabiri wa vuli wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, nao usome kabla hujalipia, mwaka ambao Bahari ya Hindi upande wetu ina joto kuliko kawaida vuli inakuwa nzito, 2019 wote tuliona mvua ilivyonyesha.

Sasa nguo. Kinachomuumiza mtu mlimani wakati huu ni kulowana, baridi inakuja kumalizia. Siku ya kwanza msituni mpaka kambi ya Mandara unanyeshewa, siku ya pili kwenda kambi ya Horombo unanyeshewa, kama nguo za kilele zimelowa huko chini hamna mahali pa kuzikausha, Horombo iko mita 3,720 na jua likizama hata soksi haikauki. Kwahiyo nguo za usiku wa kilele zifunge peke yake ndani ya nailoni nene, ile inauzwa kwa mita hadware, kunja mdomo mara tatu funga na mpira, usiziguse mpaka Kibo Hut. Kava la begi pekee halitoshi, maji yanaingilia mgongoni.

Vitu vingi utapata mitumba pale Moshi, soko la Memorial au Kiboriloni, nenda asubuhi, geuza nguo soma lebo. Ikiwa ni pamba asilimia mia iache hata kama ni nzito na nzuri, pamba ikilowa jasho inakaa na maji mwilini. Tafuta sufu au poliesta. Tisheti ya poliesta ile ya mpira wa miguu inafaa kuliko sweta la pamba, nimeona mara nyingi. Jinzi iache nyumbani. Juu ya zote uwe na jaketi na suruali isiyopitisha maji wala upepo, na mzula unaofunika mpaka pua.

Glavu beba pea mbili, na hapa naomba unisikilize. Mwaka mmoja pale pango la Hans Meyer, mita kama 5,150, jamaa mmoja wa kundi letu alikuwa na glavu za uzi zimelowa theluji aliyokuwa anaishika shika wakati akijiegemeza kwenye mawe. Nilimuona anahangaika na zipu ya jaketi, vidole vinaipita ile zipu kama sio vyake, anajaribu na viganja viwili kama mtu anayeshika samaki. Nilimvua zile glavu, mikono nikaiweka kwapani kwake mwenyewe ndani ya jaketi dakika kumi hivi, alafu nikamvalisha soksi zangu kavu mikononi. Na tukashuka. Hakufurahi, aliniambia amesevu hela miaka miwili kwa safari ile. Lakini mtu akishashindwa kufunga zipu, ulimi ukawa mzito, akaanza kupepesuka, inaweza kuwa baridi imemuingia mwilini au inaweza kuwa mlima umempiga kichwani, yaani ugonjwa wa kimo, na gizani pale huna haja ya kubishana ni ipi, dawa ya kwanza ya zote mbili ni kushuka.

Buti ziwe na nafasi, vidole vicheze. Watu wanavaa soksi tatu wakidhani ndio joto, kumbe buti inabana damu haipiti, ndio vidole vinakufa ganzi. Soksi moja nzito ya sufu, basi. Juu ya buti funga kile kitambaa cha kuzuia theluji kuingia, wapandaji wanaita geita, kinafika chini ya goti. Alafu spaiki za kuvalisha juu ya buti, zile za mpira na cheni zenye meno, unaweza kukodi Moshi. Kwa njia ya Marangu zinatosha, ila zijaribu mchana ukiwa Kibo Hut, usisubiri saa sita usiku kugundua mpira hauingii kwenye buti yako.

Maji: ule mrija wa begi la maji utaganda, hata mimi umenigandia. Tumia chupa, izungushie soksi, iweke kichwa chini kwenye begi, maji yanaanza kugandia juu kwahiyo mfuniko unabaki wazi. Chupa za plastiki za dukani KINAPA, wenye hifadhi ya mlima, hawaruhusu, nunua ya kudumu. Betri za tochi na simu lala nazo ndani ya slipingi begi.

Miwani. Hii nairudia kila mwaka na kila mwaka kuna mtu anapuuzia. Theluji mpya inarudisha sehemu kubwa ya jua usoni kwako, na kule juu jua lenyewe ni kali zaidi. Tulivuka ule uwanda asubuhi moja theluji imelala usiku kucha, mawingu mepesi, mgumu mwenzangu hakuwa na miwani, kampuni iliyomchukua haikumuuliza. Mchana wote yuko sawa, anacheka. Jioni Horombo macho yakaanza kuchuruzika, anasema ni kama amemwagiwa mchanga, hata mwanga wa mshumaa hautaki. Tulimlaza gizani na kitambaa cha maji baridi machoni, kesho yake akashuka mpaka getini kashika bega langu. Siku ya tatu akaona vizuri. Kwahiyo wewe unayepanda, uliza mapema kama wagumu wako wana miwani na makoti, na wewe mgumu unayesoma hapa, KPAP, shirika la kusaidia wagumu pale Moshi, wanaazimisha vifaa bure, nenda kaazime. Na krimu pakeni, hata sisi weusi tunaungua, hasa midomo na chini ya pua kwasababu mwanga unatokea chini.

Usiku wenyewe. Kawaida watu wanatoka Kibo Hut saa sita usiku. Theluji ikiwa nyingi mi napenda tutoke saa tano, maana masaa yanaongezeka mawili bila wewe kujua. Mnakaa mstari mmoja, unakanyaga pale pale alipokanyaga wa mbele, usijitafutie njia yako pembeni. Ukiwa wa mbele, piga ncha ya buti kwenye theluji mara mbili mpaka ikae kama ngazi, ndio uhamishe uzito. Angalia theluji kwa tochi, ikiwa nyeupe tu bila kung'aa ni laini, ikirudisha mwanga kama kioo hapo ni barafu, spaiki zivaliwe kabla hujafika hapo na uwe umesimama sehemu tambarare. Zikishika donge la theluji chini, gonga kwa fimbo lianguke. Usisimame zaidi ya dakika tano, kunywa chai ya tangawizi, kula tende mbili, twende.

Ukifika Gilman's Point, pale ukingo wa kreta unapoanza, mita 5,681, watu wengi wanadhani kazi imeisha. Kwangu hapo ndio pa kuwa makini kuliko zigizaga zote za chini, njia inapita ukingoni kwenye mawe, upande mmoja ni shimo la kreta, na upepo unaijaza ile njia theluji mpaka inalala mteremko kama paa la bati. Nenda mmoja mmoja, fimbo upande wa juu. Hapakanyagiki, au ukungu umefunga humuoni mtu wa mbele? Gilman's inatosha, cheti unapata. Na kama saa mbili asubuhi hata Gilman's hujafika, geuka.

Kushuka ndio watu wanavunjikia miguu. Kiangazi mmezoea kuteleza na changarawe mkikimbia. Kwenye theluji ya mwanzo usikimbie, yale mawe bado yapo chini yake. Refusha fimbo, chimbia kisigino, magoti yalegee kidogo. Jua likishapiga mpaka saa tatu, nne, theluji inakuwa uji, buti inazama, na mawe yaliyokuwa yamegandishwa usiku yanaachia, kwahiyo msisimame chini ya mwamba kupiga picha. Kuanzia Kibo Hut kuna machela ya tairi, na helikopta ipo, lakini mawingu ya vuli yakishafunga helikopta haiji, watakaombeba aliyeumia ni nyie.

Ukifika Kibo Hut vua soksi kabla hujalala, angalia vidole vyote kumi. Kikiwa cheupe na hakisikii, usikisugue wala usikiweke kwenye moto, kipashe joto tumboni kwa mwenzio, alafu mwambie gaidi hapo hapo.

Wa tarehe 9 mnaoondoka geti la Marangu, andikeni hapa mmeona weupe umefika wapi asubuhi ya kuanza, wanaokuja nyuma yenu watasoma.