Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kusaka Vitu vya Kale

Ukiingia kwenye maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, Unguja, au ya barabara ya Ndia Kuu, Mombasa, ukiwa na pesa na hamu peke yake, utauziwa. Nimeona watu wakibebeshwa masanduku "ya karne ya kumi na tisa" yaliyotoka kwa fundi juzijuzi, na wengine wakinyang'anywa uwanja wa ndege kitu walicholipia pesa nzuri. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, soma haya. Yanafaa pia kwenye mnada wa vyombo vya mtu anayehama, na kwenye masoko ya vitu vya kale ya Ulaya na Ghuba.

Nenda asubuhi, kukiwa na mwanga wa jua. Vaa nguo unazoweza kuinama nazo, maana utaangalia zaidi chini ya vitu kuliko juu yake. Chukua pesa taslimu ya kiasi ulichopanga, nyingine iache. Pima mlango wa nyumba yako kabla ya kwenda kutafuta kabati.

Mfukoni weka tochi, smaku, futi kamba, kioo cha kukuzia na mzani mdogo kama wa sonara. Smaku ndiyo ya muhimu kuliko vyote na ndiyo rahisi kuliko vyote. Shaba haishikwi na smaku, na fedha halisi pia haishikwi. Ukiigusisha kwenye dele la kahawa ikang'ang'ania, lile ni chuma lililopakwa rangi ya shaba, hata likipendeza namna gani.

Kwenye mnada, fika siku ya kukagua. Siku ya kuuza umeshachelewa, watu wamejaa na hakuna atakayekuruhusu kugeuza kitu. Andika bei yako ya mwisho kwenye karatasi kabla dalali hajaanza kunadi, na ikipitwa nyamaza. Uliza mapema kama kuna ada inayoongezwa juu ya bei, na mzigo unatakiwa uondoke saa ngapi.

Usiende kusaka kila kitu. Chagua aina moja uijue vizuri, iwe masanduku, sarafu, sahani au santuri. Mimi napenda masanduku, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Sanduku tunaloliita la Kizanzibari mara nyingi halikutengenezwa Zanzibar. Mengi ya zamani yalikuja na majahazi kutoka Surat, Bombay na pwani ya Malabar, ya mbao za msaji, yamepigwa mabati na misumari ya shaba yenye vichwa vya duara. Muuzaji atakuonyesha uso wake. Wewe lizungushe ukatazame mgongo, kisha mwombe mtu mlilaze uone chini. Huko ndiko watu wasikohangaika kupaka rangi. Fungua mfuniko, tafuta kile kisanduku kidogo cha ndani upande mmoja, uangalie kama chini yake kuna vidroo vya siri na kama vinatoka. Halafu chukua tochi utazame skrubu. Skrubu ya kichwa cha nyota ilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1930, kwa hiyo sanduku la enzi za Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar wa karne ya kumi na tisa, haliwezi kuwa lilizaliwa nazo. Skrubu moja kwenye bawaba si hoja, huenda fundi alilitengeneza. Zikiwa nyota kila mahali, ondoka.

Tazama pia palipolika. Sanduku lililotumika hulika pale mikono inapofungua na pale linapokokotwa sakafuni. Likiwa limelika sawasawa pande zote, huo ni msasa. Ukinusa ukasikia dawa ya viatu, jua kuna kilichofichwa. Na ligonge kwa kiganja: unga mpya wa mbao ukidondoka, ndani kuna wadudu walio hai, na ukiwapeleka nyumbani hawatachagua kati ya sanduku na kitanda chako.

Sarafu zina mitego yake. Riale ya Maria Theresa ina mwaka 1780 hata kama imepigwa muda mrefu baada ya hapo, kwa sababu malkia huyo wa Austria alifariki mwaka huo na sarafu ikaendelea kutengenezwa kwa tarehe ileile, kwa kuwa wafanyabiashara wa Arabuni na pwani yetu walikuwa wameizoea. Mwaka huo usikubabaishe. Ipime: riale halali ina gramu 28 na kidogo. Pesa za shaba nyekundu za Seyyid Barghash, zenye mizani upande mmoja na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, zipo nyingi, usikubali kuambiwa ni za nadra. Kinyume chake ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa na Wajerumani kwenye karakana ya reli Tabora mwaka 1916. Hiyo ni adimu kweli, na kwa sababu hiyohiyo feki zake ni nyingi. Ukiwekewa mezani kwa bei ya chakula cha mchana, mrudishie mwenyewe. Na sarafu yoyote usiisugue kwa ndimu wala dawa ya meno. Ukishaing'arisha umeiua thamani.

Gramafoni yenye tarumbeta la shaba linalong'aa na nembo ya mbwa, kwa bei nafuu, karibu kila mara ni ya kuunganishwa kwa ajili ya watalii. Santuri zake ndizo zenye maana. Ukibahatika kukuta za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, zishike kwa ukingo na uzimulike kwa tochi kutafuta ufa mwembamba.

Vyombo vya udongo, geuza. Jina la nchi lililopigwa chini kwa Kiingereza lilienea baada ya Marekani kulidai kisheria kuanzia 1891, kwa hiyo sahani yenye jina hilo haiwezi kuwa "ya miaka mia tatu". Si kwamba haifai. Bakuli za Maastricht zenye alama ya Sphinx zililiwa wali katika nyumba nyingi za pwani na ni nzuri kuwa nazo, ila lipa bei yake, si ya kaure ya Kichina. Kinyago cha mpingo, kitie kwenye ndoo ya maji kama mwenyewe anaruhusu. Mpingo huzama.

Walio Uingereza, mnaokwenda masoko ya London, Portobello Jumamosi au Bermondsey Ijumaa alfajiri: kijiko cha fedha halisi cha kule kina alama ya simba anayetembea, na kilichoandikwa EPNS kimepakwa fedha tu kwa juu.

Sheria sasa, na hapa usifanye mchezo. Pembe za ndovu, gamba la ng'amba (aina ya kasa) na jambia lenye mpini wa pembe ya kifaru usiguse. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na maneno ya muuzaji kwamba "hii ni ya kabla ya marufuku" hayatakusaidia mbele ya askari wa wanyamapori wa Kenya wala Tanzania. Uingereza nayo imebana hata vitu vya zamani tangu Juni 2022. Angalia hasa viti vya enzi na visanduku vilivyotiwa vipande vyeupe. Wakati mwingine ni mfupa, wakati mwingine sio.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara, ya 1964, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1940. Ya Kenya, ya 2006, inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nje kunahitaji kibali. Zanzibar ina taratibu zake. Uliza idara husika kabla ya kulipa. Ukiuliza ukiwa tayari na tiketi mkononi, umechelewa.

Haya yote unaweza kuyajua kwa macho na smaku. Linalonikereketa mimi ni lile ambalo watu wanalipita kabisa: kitu hiki kimetoka kwa nani?

Shemeji yangu, mume wa dada, anapenda sana mbao za zamani na anazijua. Alikwenda Unguja kikazi, akapita duka moja la uchochoroni, akaona marufaa, kile kibao cha kukunja cha kuwekea Msahafu. Yalikuwa mazuri kweli. Yalichongwa maua pande zote mbili na yalipasuliwa kutoka ubao mmoja, mabawa yanakunjana bila bawaba wala msumari. Hakuna fundi wa leo anayejisumbua hivyo. Muuzaji akamwambia, "Ya bibi yangu haya, sheikh. Kashafariki, na watoto hawataki vitu vya zamani." Shemeji hakuvutana naye sana. Akalipa, yakafungwa kwenye kanga, akapanda nayo boti hadi Dar es Salaam. Risiti hakupewa na hakuomba. Marufaa yakakaa sebuleni, chini ya televisheni, na kila mgeni aliyasifu.

Ikafika hitma ya mama yake. Dua imekwisha, watu wako kwenye chai, mwalimu mmoja mzee akaomba ayatazame. Akayageuza. Bawa moja chini lilikuwa jeusi kuliko kwingine, akauliza kwa nini. Hakuna aliyekuwa na jibu. Akaomba kitambaa na mafuta kidogo ya nazi, akaanza kusugua taratibu kwa kidole cha shahada. Ilikuwa ni dawa ya viatu. Ikatoka, na chini yake zikaonekana herufi zilizokwaruzwa kwa ncha ya kisu: wau, qafu, fa. Wakfu, yaani kitu kilichotolewa moja kwa moja kwa ajili ya Mungu. Akaendelea, likatokea jina la msikiti na jina la aliyeyatoa.

"Mwanangu, haya umeyapata wapi?"

"Nimenunua, sheikh."

"Hakukuwa na wa kukuuzia."

Na ndivyo ilivyo. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Aliyepaka ile dawa ya viatu alijua kusoma na alijua anachoficha. Shemeji akayarudisha mwenyewe. Pale msikitini walimweleza kwamba vitu kadhaa vilipotea wakati wa ukarabati, vilipotolewa nje kupisha mafundi. Alipokwenda dukani, muuzaji alisema hamjui. Hakuna risiti, hakuna picha, hata jina la yule mtu hakuwa nalo. Pesa ikaenda. Lakini kilichomuumiza, na kinachomuumiza mpaka leo, ni kwamba alikaa muda wote ule na amana ya msikiti kama pambo la nyumba, na watu wakimsifu.

Kwa hiyo, kitu chochote chenye maandishi, yasomwe kabla hujalipa. Huwezi kusoma Kiarabu, piga picha umtumie anayeweza, naye akujibu ukiwa bado umesimama dukani. Angalia kama kuna mahali maandishi yamekwanguliwa, au upande mmoja umepakwa rangi mpya. Mwimo wa mlango wenye alama mbichi za msumeno umekatwa ukutani, na ukuta ule una mwenyewe. Muulize muuzaji kimetoka nyumba gani na mtaa gani, zungumzeni mengine, kisha muulize tena. Mwenye kitu chake hadithi yake haibadiliki. Ukiwa na shaka, Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Kenya kuna Kamisheni ya Wakfu.

Si misikiti peke yake. Vigango vya Wamijikenda, nguzo ambazo familia husimamisha kwa ajili ya marehemu wao, viling'olewa usiku na kuuzwa mpaka Marekani kama sanaa. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalitangaza kurudisha 30. Kila kimoja kilipita mikononi mwa mtu aliyetoa pesa bila kuuliza. Ukikutana na kigango dukani, usinunue hata kwa nia ya kukirudisha, maana pesa yako ndiyo itakayong'oa cha pili. Piga picha, chukua jina la duka, wape taarifa watu wa makumbusho.

Risiti iwe na jina la muuzaji, namba yake, maelezo ya kitu na tarehe. Asiyetaka kuandika jina lake, usitake mali yake. Piga picha ya kitu kikiwa bado mle dukani.

Chai ya muuzaji kunywa, ila haikufungi kununua. Akikwambia kuna Mzungu anakuja kukichukua saa kumi, mwache achukue. Kitu kizito usikiweke juu ya gari bila kukifunga vizuri, na kwenye boti kaa nacho. Cha mbao kikifika, kitenge na samani nyingine wiki kadhaa uone kama kinamwaga unga. Watoto wadogo waache nyumbani, maduka yale ni membamba na sahani ziko usawa wa mikono yao. Kwenye msongamano wa mnada shika mkoba wako kwa mbele, na kitu ulichokwisha kukilipia usikiweke chini ukageuka kutazama kingine.