Namna ya Kulisoma Neno "Rum" katika Sira, Tafsiri na Vitabu vya Historia

Msomaji wa Kiswahili anayekutana na neno Rum katika tafsiri ya Kurani, katika sira ya Mtume au katika historia ya Waturuki, aghalabu hulipita haraka kwa kuwa anadhani analijua: ni Warumi, wale wa mji wa Roma waliotawala Palestina zama za Yesu. Mara nyingi sivyo. Neno hili limetumika katika Kiarabu, Kiajemi na Kituruki kwa karne nyingi, na katika safari hiyo limewabeba watu tofauti, nchi tofauti na hata dini tofauti. Yapo maswali machache ambayo mtu akijiuliza kabla ya kufasiri au kufundisha, atajiepusha na makosa mengi.

Swali la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote, ni la wakati: habari hii ni ya mwaka gani? Mwaka 330 Kaizari Konstantino alizindua mji wa Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo, kuwa makao mapya ya dola ya Kirumi. Upande wa magharibi wa dola hiyo uliporomoka mwaka 476, lakini upande wa mashariki ulidumu mpaka 1453. Raia wake wengi walikuwa Wakristo waliozungumza Kigiriki, na juu ya hayo walijiita Warumi, kwa sababu dola ilikuwa ileile, na sheria na ukaizari wake haukukatika. Jina la Bizanti, ambalo vitabu vya leo hulitumia, lilienezwa na wanazuoni wa Ulaya kuanzia karne ya 16, wakati dola yenyewe imekwisha kuanguka. Kwa hiyo Waarabu wa karne ya 7 waliposema Rum, waliwaita watu hao kwa jina ambalo wenyewe walijiita.

Tazama jinsi jambo hili linavyofungua Surat Ar-Rum, sura ya 30. Aya zake za mwanzo zinaeleza kwamba Warumi wameshindwa katika nchi iliyo karibu, na kwamba baada ya kushindwa huko watashinda katika muda wa miaka michache. Mwenye kuiweka Italia akilini hawezi kuelewa "nchi iliyo karibu" ni ipi, wala kwa nini watu wa Makka waijali vita hiyo. Nchi hiyo ni Sham, yaani Syria, Palestina na maeneo yanayozizunguka, jirani na Arabuni. Waajemi waliiteka Damascus mwaka 613 na Yerusalemu mwaka 614, na dola ya Rumi ya Mashariki ikaonekana kama inayokata roho. Kaizari Heraclius alianza kujibu mashambulizi mwaka 622, akalivunja jeshi la Waajemi karibu na magofu ya Ninawi mnamo Desemba 627, na mwaka uliofuata Waajemi wakaomba amani. Mwalimu wa madrasa anayeieleza miaka hii ubaoni, sambamba na miaka ya Mtume Makka na Madina, huwapa wanafunzi wake jambo ambalo tafsiri peke yake haiwezi kuwapa. Heraclius huyo ndiye Herekali tunayemkuta katika Utenzi wa Tambuka, shairi refu la vita vya Waislamu na Warumi, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani na ambao huhusishwa na mwaka 1728. Washairi wetu wa pwani walijua vizuri kwamba mfalme wa Rumi katika kisa hicho ni mtawala wa Sham na wala si wa Italia.

Swali la pili: je, neno limesimama badala ya watu au badala ya nchi? Mwaka 1071 Waturuki wa Kiseljuki walimshinda na kumteka Kaizari Romanos IV katika vita vya Manzikert, kisha wakaingia na kukaa Anatolia. Ufalme wao huko uliitwa Usultani wa Rum, makao yake yakiwa kwanza Iznik na baadaye Konya. Sultani wa Rum, basi, alikuwa Mturuki na Mwislamu. Aliitwa hivyo kwa sababu aliitawala ardhi iliyokuwa ya Warumi. Maana hii ya nchi imebaki katika jina la mji wa Erzurum, mashariki mwa Uturuki, na katika Rumeli, jina ambalo Waothmani, watawala wa Kituruki waliokuja baadaye, waliyapa maeneo yao ya upande wa Ulaya. Ndiyo maana pia Wareno wa karne ya 16 waliwaita askari wa Kiothmani "Rumes". Anayesoma habari za Wareno katika Bahari ya Hindi, zikiwamo za miaka ambayo nahodha wa Kiothmani Mir Ali Bey alifika pwani yetu mpaka akakamatwa Mombasa mwaka 1589, asidhani kwamba Rumes ni Wakristo wa Roma. Ni kinyume chake kabisa.

Swali la tatu linahusu majina ya watu. Rumi likiwa nisba, yaani sehemu ya jina inayoonyesha mtu anahusishwa na wapi, halitoshi kukuambia kabila lake. Suhaib ar-Rumi, sahaba wa Mtume, kwa mujibu wa wasimulizi wa sira alikuwa Mwarabu aliyetekwa akiwa mtoto na kukulia kwa Warumi, hivyo nisba yake ni ya malezi. Yaqut ar-Rumi, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, alizaliwa katika nchi ya Warumi na kuuzwa utumwani, hivyo nisba yake ni ya asili. Maulana Jalaluddin Rumi alizaliwa mwaka 1207 katika eneo la Balkh, akatunga kwa Kiajemi, na akafariki Konya mwaka 1273. Nisba yake ni ya makazi. Waafghani humwita Balkhi, na wana hoja. Kumwandika kuwa mshairi wa Kirumi, kama nilivyopata kuona, ni kumpa utaifa ambao hakuwa nao.

Mwisho, uliza anayesema ni nani na yuko wapi, kwa maana neno bado li hai. Katika Kituruki cha leo, Rum ni Mgiriki mwenyeji wa Uturuki au wa Kupro, ilhali raia wa Ugiriki huitwa Yunan. Nchini Syria na Lebanon, Rum ni waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Antiokia, ambao wengi wao ni Waarabu kwa lugha na kwa maisha. Huko Misri jibini ya rumi ni jibini ngumu ya kila siku, na bata mzinga huitwa "dik rumi", yaani jogoo wa Rumi. Mmoroko naye huita rumi kitu cha kigeni au cha kiwandani, akikitofautisha na "beldi", cha kienyeji; kuku wa rumi sokoni ni kuku wa kisasa.

Katika kuandika Kiswahili, napendekeza Roma libaki kuwa jina la mji, na Rumi liwe jina la dola. Waraka wa Paulo kwa Warumi uliandikwa kwa Wakristo wa mji wenyewe wa Roma, kwa hiyo hapo maana iliyozoeleka ni sahihi. Katika habari za karne ya 7, andika "Warumi wa Mashariki" mara ya kwanza, kisha endelea na "Warumi". Jina la sura liandikwe Ar-Rum, kwa kuwa herufi lamu ya "al" humezwa na herufi ra. Usultani wa Rum uachwe hivyohivyo bila kugeuzwa kuwa "Usultani wa Kirumi". Kinywaji kikali kitokanacho na miwa ni ramu, neno jingine kabisa, na jangwa la Wadi Rum huko Jordan lisiunganishwe na Warumi kwa sababu ya kufanana kwa sauti tu.