Jinsi ya kumfikishia waziri swali lako kupitia mbunge, kwa watu wa Dar mliochoka kusikia "mchakato unaendelea"

Kuna watu wanadhani maswali ya bungeni mbunge anayaota usiku, asubuhi anaamka anauliza. Sio hivyo. Mengi yanaanzia mtaani, kwa watu ambao kalvati lao limeondoka na mvua za masika na wakiuliza ofisini wanaambiwa hela ilishatengwa subirini. Na sio hisani ya mtu, Katiba ibara ya 63(3)(a) inalipatia Bunge mamlaka ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo kwenye wajibu wake. Shida ni kwamba hakuna anayekwambia swali linatokaje Mbezi mpaka linafika mezani Dodoma, na katikati pale ndipo tulipozungushwa sisi mpaka tukatia akili. Naandika ili nyie msizungushwe.

Hii ni njia ya swali kuhusu miradi na hela za umma. Kama unatafuta mchango wa harusi kwa mheshimiwa, foleni yake ni nyingine na inaenda haraka kuliko hii.

Kwanza angalia mbunge wako ana nafasi ya kuuliza

Hili watu wengi wa Dar hawaliangalii kabisa. Mbunge ambaye ni waziri au naibu waziri hasimami kwenye kipindi cha maswali kuiuliza Serikali, yeye ndiye Serikali, yuko upande wa kujibu. Na Dar wabunge wetu wanapenda kweli kuteuliwa. Kwenye Bunge lililoisha 2025 Ubungo walikuwa na Profesa Kitila Mkumbo, waziri, Ukonga walikuwa na Jerry Silaa, waziri, Ilala walikuwa na Mussa Zungu ambaye alikuwa Naibu Spika na saa nyingine ndiye aliyekaa kwenye kiti. Sasa unampelekea waziri barua aiulize Serikali yake, atakusikiliza vizuri tu, atakuitikia, anaweza hata kumpigia simu mwenzake na mkapata mnachotaka, ila swali kwenye orodha ya siku hutaliona.

Dawa yake ni mbunge wa viti maalumu wa mkoa. Wale wana haki ileile ya kuuliza na mara nyingi wana njaa ya kuonekana, nasema hivyo kwa nia njema kabisa. Mbunge yeyote anaweza kuuliza kitu cha jimbo lolote, ila yule wa jimbo mpe taarifa kiungwana, akisikia kwake kumeulizwa swali na mtu mwingine atanuna, na nyie ndio mtaishi naye miaka mitano.

Jua kitu chenu ni cha wizara gani

Barabara ya mtaa ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na TARURA iko chini ya TAMISEMI, ile ofisi inayosimamia halmashauri. Barabara kuu na za mkoa ni za wakala mwingine, TANROADS, hiyo ni Wizara ya Ujenzi. Maji ni DAWASA, kwa hiyo Wizara ya Maji. Mwendokasi wengi wanaipeleka Uchukuzi kwa sababu ni mabasi, lakini DART, wakala wa mwendokasi, iko TAMISEMI. Swali likienda mlango usio wake linajibiwa kwa sentensi mbili za adabu au linahamishwa, na kuhamishwa maana yake limesogea mbele na nyie mmebaki palepale.

Tafuta hela yenu kwenye vitabu

Usiende na "tumesikia ilitengwa". Swali la bungeni halitakiwi kusimama juu ya tetesi wala habari za gazeti, lazima mbunge awe na kitu mkononi. Vitabu vya bajeti vinapatikana kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha, unachotaka ni kitabu cha nne, kile cha miradi ya maendeleo. Kila wizara humo ina namba yake inayoitwa Fungu: TAMISEMI ni Fungu 56, Maji ni Fungu 49, Ujenzi ni Fungu 98. Ni PDF nzito halafu ina tarakimu mpaka macho yanauma, fungua kwenye kompyuta, kwa simu utaacha. Miradi midogo ya mitaa humo hutaikuta kwa jina, hiyo ulizia halmashauri, kwa diwani wako au kwa maandishi.

Na ukiandika, taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 za kukujibu. Hatusemi kwamba ukiitaja watakimbia, ila tuliona wenyewe, barua isiyotaja sheria ililala, iliyotaja ikaanza kutafutiwa mtu wa kuijibu.

Barua na mhuri

Andikeni barua fupi ya mtaa, ukurasa mmoja, mwenyekiti wa serikali ya mtaa asaini na kugonga mhuri, wakazi kadhaa wasaini nyuma. Hapo hamna jipya, wote mmeshaomba barua za mtaa. Picha wekeni mbili tu na ziwe na tarehe.

Kazi inaanza kwenye kuipeleka. Ofisi ya mbunge jimboni sio ofisi kama unavyoifikiria, ile tuliyoenda sisi (jimbo silitaji) meza ya katibu wa mbunge ilikuwa imefunikwa na kadi za michango, harusi, kipaimara, sendoff, arobaini, timu ya mtaa inataka jezi, na kwenye benchi wamekaa kina mama wanasubiri ada za watoto. Barua yetu ikapokelewa kwa tabasamu, ikawekwa juu ya kadi za harusi, na harusi zikaendelea kuingia. Tuliporudi kuuliza, "barua gani?" Dada wa mapokezi akatusaidia kutafuta, mtu mwema kweli yule, ikapatikana chini kabisa ikiwa na alama ya kikombe cha chai.

Kwa hiyo toeni kopi mbili. Moja inabaki, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na jina la aliyepokea, mrudi nayo nyumbani. Wakisema mhuri ameondoka nao mheshimiwa, mwambie aandike kwa mkono na kusaini. Usitoke pale na "tumeiona, tutawapigia". Halafu siku hiyohiyo piga picha ile kopi umtumie mheshimiwa mwenyewe kwa WhatsApp, namba yake mwenyekiti wa mtaa anayo, watu wote wa chama wanayo. Mstari mmoja tu: Mheshimiwa shikamoo, barua ya wakazi wa mtaa fulani imepokelewa ofisini kwako leo. Usimtumie sauti ya dakika sita.

Liandikeni swali wenyewe

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, hapa ndipo mkutano mzima wa Bunge ulipotupita. Sisi tulieleza tatizo vizuri, katibu akalifupisha lipendeze, na swali lililosomwa Dodoma likawa hivi: *Je, ni lini Serikali itajenga barabara za mitaa katika jimbo hili?*

Unajua lilijibiwaje, hata kama hukuangalia. Naibu Waziri alisimama akasema Serikali inatambua umuhimu wa barabara hizo, tathmini inaendelea, na zitajengwa kadri fedha zitakavyopatikana. Dakika mbili, amekaa. Na huwezi kumlaumu, ameulizwa kitu kikubwa kama bahari akajibu kwa maji yaleyale. Wale watu wizarani wanaoandaa majibu wakiona "ni lini" wanafurahi, jibu lake liko tayari kwenye kompyuta, wanabadilisha jina la jimbo tu.

Swali la kumbana waziri linakuwa na kitu kimoja, mwaka mmoja wa fedha, na hela. Kwa mfano: *Je, ni kiasi gani cha fedha kiliidhinishwa kwa ajili ya ujenzi wa kalvati la mtaa fulani, kata fulani, katika mwaka wa fedha 2024/2025, na hadi sasa ni kiasi gani kimetolewa?* Hapo hawezi kukwambia kadri zitakavyopatikana, umemuuliza namba. Na hela ya Serikali ina hatua zake, kuna iliyoidhinishwa na Bunge, kuna iliyotolewa na Hazina, kuna iliyotumika. Mtaani wote tunasema "hela imetoka" wakati imeidhinishwa tu, iko kwenye karatasi. Ukiuliza "imetengwa?" watajibu ndiyo kwa kujiamini na hawajadanganya. Bajeti ya 2025/2026 ni shilingi trilioni 56.49, kalvati lenu humo ni punje, mtu asipolitaja kwa jina halionekani.

Ondoeni maneno ya hasira. Swali likiwa na maoni, kejeli, au linagusa kesi iliyoko mahakamani halipiti. Likiwa limeshajibiwa karibuni nalo linakataliwa, kwa hiyo pekueni Hansard kwanza, ile kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, muone mbunge mwingine aliuliza nini. Liwe na sehemu (a) na (b), lichapwe, liambatanishwe na barua, na mwambieni katibu kabisa kwamba mnaomba liende hivyohivyo.

Muda

Swali haliulizwi siku likiletwa. Linapelekwa kwa Katibu wa Bunge mapema, linakaguliwa kama limefuata Kanuni, linaenda wizarani kuandaliwa majibu, ndipo linapangiwa siku. Ukimkabidhi mbunge barua akiwa ndani ya basi anaelekea Dodoma, umechelewa. Mkutano mrefu ni ule wa bajeti, Aprili mpaka mwisho wa Juni, mingine ni mifupi. Mnaotaka la bajeti pelekeni mwanzoni mwa mwaka, mkingoja masika yabomoe kwanza ndio muandike, mmeshaachwa.

Maswali ya nyongeza, msiyaache kwa mheshimiwa peke yake

Jibu la kwanza linasomwa kwenye karatasi. Baada ya hapo mbunge anasimama, "pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri, nina maswali mawili ya nyongeza", na hata kama majibu yalikuwa mabovu yataitwa mazuri, ndio utaratibu wa nyumba ile. Hayo mawili ndiyo ya thamani kwa sababu waziri hana karatasi yake.

Na ndiyo yanayopotezwa zaidi. Nusu ya wabunge wakifika hapo wanauliza "je, Naibu Waziri yuko tayari kuambatana nami kwenda kuona hali halisi?" Yuko tayari, siku zote yuko tayari, mnapigiwa meza na kalvati linabaki mtoni. Muandikieni mbunge nyongeza mbili kwenye kikaratasi kidogo. Moja: kama hela haijatolewa mwaka mzima, imerudi Hazina au imehamishiwa mradi gani? Mbili: mkandarasi ameshapatikana, na mkataba unaisha mwezi gani?

Mkikosa nafasi kwenye maswali ya kawaida kuna njia nyingine. Alhamisi kuna nusu saa ya maswali kwa Waziri Mkuu, ila yale ni ya sera, ukimpelekea kalvati atakwambia hilo linahitaji takwimu, lipelekwe wizara husika. Wakati wa bajeti mbunge anaweza kuchangia kwa mdomo, au kwa maandishi nayo inaingia kwenye Hansard. Akiwa na moyo anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuzuia fungu la mshahara lisipitishwe, mpaka apewe maelezo. Wengi wanaishika asubuhi wanairudisha kabla hata hatujamaliza chai, lakini waziri lazima asimame aeleze, na maelezo yanarekodiwa.

Baada ya kujibiwa

Tafuta Hansard ya siku ile kwenye tovuti ya Bunge, chapisha ukurasa wenye jibu lenu tu, piga mstari chini ya kiasi na tarehe iliyotajwa. Kopi moja kwa meneja wa TARURA wa wilaya, moja kwa mtendaji wa kata, moja kwa diwani ili akaiulizie kwenye baraza la madiwani. Klipu ya YouTube nzuri kwa grupu la mtaa lakini ofisini hawaipokei, ofisini wanapokea karatasi. Tarehe waliyoitaja ikipita, barua inayofuata inaanzia hapo, "rejea majibu ya Serikali bungeni ya tarehe fulani", na hiyo ndiyo barua ya kwanza kati ya zetu zote iliyojibiwa bila kufuatiliwa.

Ukitaka kwenda Dodoma mwenyewe

Sio lazima. Ila treni ya SGR daraja la kawaida Dar mpaka Dodoma ni 31,000, kikao kinaanza saa 3 asubuhi na maswali ndiyo yanayoanza, kwa hiyo nenda jana yake ulale gesti. Mwambie mbunge apeleke majina yenu mapema kama wageni wake, beba kitambulisho, vaa kiheshima, zima simu. Spika akitangaza wageni mkatajwa simameni, pungeni mkono, kaeni. Kushangilia wala kuguna huko juu hakuruhusiwi, hata jibu likiwa la kadri fedha zitakavyopatikana.