SOMO: Kuunga sola ya nyumba, paneli moja na betri moja (soma kabla ya kuniandikia)

Bandugu, kila umeme ukikatika siku mbili hapa Goma, simu yangu inajaa swali lilelile: sola ya nyumba inaungwaje? Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtuma hapa.

1. Piga hesabu kwanza. Taa tatu za LED za wati 7 kwa saa 5 ni kama wati-saa 105. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 4 ni 120. Ongeza simu. Paneli ya wati 100 inatosha siku ya jua; siku ya mawingu utapunguza televisheni.

2. Nunua kwa macho na mikono. Paneli ya kweli ya wati 100 ina ukubwa wa nusu mita ya mraba hivi au zaidi. Ile ya kubeba kwapani si wati 100, hata kama karatasi inasema hivyo. Betri ya asidi ya amperi-saa 100 inakaribia kilo 30. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja huku unacheka, rudisha.

3. Paneli juu ya bati. Tuko karibu na ikweta, usijisumbue na pembe. Inamisha kidogo ili mvua iioshe, na uache nafasi ya hewa chini yake. Paneli ikipata joto hutoa kidogo.

4. Waya mnene, milimita 6 za mraba, na mfupi iwezekanavyo.

5. Kuunga. Hapa ndipo regulata (kile kifaa kati ya paneli na betri kinachosimamia kuchaji) zinakufa, na ndizo ninazoletewa zikinuka plastiki iliyoungua. Utaratibu ni huu: BETRI kwanza kwenye regulata, halafu PANELI, mwisho TAA. Kufungua ni kinyume: taa, paneli, betri. Sababu ni kwamba regulata nyingi husoma betri ili zijue kama mfumo ni wa volti 12 au 24. Ukitanguliza paneli, regulata inakutana na volti 21 au 22 bila betri ya kuzituliza. Inaweza kudhani iko kwenye 24, au ikaungua palepale. Basi funika paneli kwa kitenge wakati unaunga. Hakikisha chanya na hasi kwa kipima volti, usiamini rangi ya waya, kuna mafundi wanaotumia rangi yoyote iliyobaki mfukoni. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Bila fyuzi, waya mbili zikigusana, nyumba ya mbao inawaka kabla hujapata maji. Na betri isikae chumba cha kulala kilichofungwa: ikijazwa hutoa gesi inayoshika moto.

6. Taa na swichi, kama kawaida.

MASWALI

— Yaya, naunga nini kwanza?
Namba 5. Iko kwa herufi kubwa.

— Pasi yangu ya wati 1000 itafanya kazi?
Hapana. 1000 gawanya kwa volti 12 ni zaidi ya amperi 83, nyingi mno kwa mfumo huu. Tumia pasi ya makala (mkaa).

— Mimi nilitanguliza paneli na haikuungua. Unatisha watu bure.
Hongera. Regulata yako ni nzuri kuliko za wenzako. Utaratibu unabaki uleule.

— Samahani muzee, kwa nini konvertisa (ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) haiungwi kwenye tundu la taa la regulata? Fundi wangu aliniunga hapo.
Swali zuri, mama. Konvertisa ikivuta wati 300 inahitaji amperi 25 kutoka kwenye betri. Regulata ndogo ya amperi 10 haiwezi kupitisha hizo. Konvertisa inaungwa moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake peke yake. Lakini hapo regulata haitaikatia umeme betri ikishuka, kwa hiyo angalia mwenyewe: betri ikiwa imepumzika na kipima kinasoma 12.2, umefika nusu. Zima. Betri ya asidi inayoshushwa chini ya nusu kila usiku haitadumu.

— Na vumbi? Kule kwetu Majengo paneli inakuwa nyeusi.
Kiangazi cha Juni hadi Agosti ni kibaya, na majivu ya mlima wa volkano yakianguka ni mabaya zaidi. Osha asubuhi mapema, maji na kitambaa laini. Usimwage maji baridi kwenye kioo cha saa saba mchana, kinaweza kupasuka. Na usisugue majivu makavu, yanakwaruza.

— Sola hii itapika maharage?
Haitapika. Loweka usiku kucha, yakishachemka vizuri dakika kumi na tano hivi funga sufuria ndani ya blanketi nzito. Kisha irudishe motoni kidogo tu.

— Kwa blanketi, sufuria yangu ya alumini inakaa moto kwa saa nyingi. Ila weka mfuniko mzito, na majani ya ndizi chini.
Aksanti dada, hilo la majani sikulijua. Mwenye kujua namna ya kupunguza makala zaidi aandike hapa chini. Kuhusu regulata sijibu tena leo.